Namna ya Kuhakikisha Baiskeli ya Umeme Haikosi Betri Baada ya Miaka Mitano

Baiskeli ya umeme inayotunzwa vizuri inaweza kudumu miaka kumi na zaidi, kwa kuwa fremu, magurudumu na hata mota yake si vitu vya kuchakaa haraka. Kinachokufa kwanza ni betri, na ikifa bila mbadala, kila kilichobaki huwa chuma kizito cha kusukuma. Nililijua hilo kwenye barabara ya Mikindani kurudi Mtwara mjini, katika mwaka wa nne wa baiskeli yangu, jua la saa nane likiwa utosini. Duka la Dar es Salaam lililoniuzia lilinijibu kwamba aina ile haiagizwi tena na betri yake pia haiagizwi. Mwongozo huu unaeleza mambo niliyopaswa kuyajua kabla ya kulipa, pamoja na niliyoyafanya baadaye hata baiskeli hiyohiyo ikaendelea kutembea.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kununua betri mbili siku ya kwanza na kuiweka moja kabatini. Nilipomweleza fundi wangu wa Magomeni ya hapa Mtwara, aliacha kazi aliyokuwa nayo akaniambia: "Mwalimu, hii ukiiweka ghalani hailiwi na panya, inaliwa na wakati." Wahenga walisema akiba haiozi, lakini betri ya lithiamu huoza hata isipotumika, kwa sababu kemikali zake huendelea kufanya kazi polepole tangu siku iliyotoka kiwandani. Kwa hiyo anayetaka baiskeli yake idumu haweki akiba ya betri, bali huweka akiba ya vitu na maarifa yatakayomwezesha kuipata betri mpya siku atakapoihitaji.

Ijue betri ilivyo ndani

Betri ya lithiamu ya baiskeli si kitu kimoja. Ukifungua kasha lake utakuta seli nyingi ndogo za mviringo zilizopangwa kwa safu na kuunganishwa kwa vipande vya nikeli, pamoja na bodi ndogo ya kielektroniki inayozilinda, ambayo mafundi wetu huiita BMS. Seli zinazotumika zaidi ni za vipimo viwili: ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo huitwa 18650, na ile yenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70, ambayo huitwa 21700. Kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika volti 4.2. Betri ya volti 36, kwa hesabu hiyo, ni makundi 10 ya seli yaliyofuatana, na ikijaa mita husoma 42. Ya volti 48 ni makundi 13, na ikijaa husoma 54.6, ya volti 52 ni makundi 14, na ikijaa husoma 58.8.

Ukilielewa hilo, swali la kama betri itapatikana miaka mitano ijayo hugawanyika kuwa maswali matatu. La kwanza ni kama seli zitapatikana, na jibu lake karibu kila mara ni ndiyo, kwa kuwa seli ya 18650 imekuwepo sokoni tangu miaka ya 1990, imo katika kompyuta mpakato, tochi na drili za mafundi, na haiwezi kutoweka kwa sababu kampuni moja ya baiskeli imefunga milango. La pili ni kama kasha na soketi vitapatikana. Hapo pana usumbufu, lakini dawa ipo. La tatu ni kama baiskeli itaikubali betri ambayo haikutengenezwa na kiwanda chake, na hili ndilo linaloua baiskeli nyingi ambazo bado ni nzima.

Kuna baiskeli ambazo betri yake hutoa umeme tu: waya mwekundu, waya mweusi, na kontrola (kisanduku cha kielektroniki kinachoiendesha mota) haiulizi zaidi. Kuna nyingine ambazo betri na mota huzungumza kwa njia ya data, na mota hukataa kuwaka isipopata jibu inalolitambua. Mifumo ya kampuni ya Bosch ni mfano wa aina hii ya pili, na hata ndani ya kampuni hiyohiyo, betri za mfumo uliotoka mwaka 2021 haziingiliani na za mfumo uliotangulia. Baadhi ya bodi za ulinzi hujifunga moja kwa moja pale seli zinapotenganishwa nazo, kiasi kwamba fundi anaweza kuweka seli mpya kabisa na betri ikabaki kimya kama jiwe. Watengenezaji husema wanafanya hivyo kwa ajili ya usalama, na sikatai kwamba zipo betri za ovyo zinazochoma nyumba. Ila mtu aliye Newala au Liwale, mbali na wakala yeyote, analipa gharama ya usalama huo kwa kutembea kwa miguu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Muuzaji akikuonyesha baiskeli, mwombe akuonyeshe betri kabla ya taa na breki. Itoe kwenye kiti chake, yaani kishikio chake kwenye fremu, uangalie sehemu ya mgusano. Ukiona vyuma viwili vinene tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni betri ya kawaida isiyozungumza na mota. Ukiona na vingine vyembamba pembeni, usikate tamaa mapema, kwa kuwa pengine ni vya kupima joto au vya kuchajia, lakini usiamini pia mpaka upate uthibitisho. Uthibitisho ulio bora kuliko maneno yote ni kuomba baiskeli iwashwe kwa betri nyingine ya volti zilezile iliyounganishwa kwa waya. Muuzaji mwenye fundi dukani anaweza kulifanya hilo kwa dakika kumi, na asiyetaka kulifanya amekwisha kukujibu.

Jambo la pili ni volti. Chagua 36 au 48, kwa sababu ndizo zilizozagaa duniani na ndizo ambazo kasha, chaja na bodi za ulinzi zake hutengenezwa na viwanda vingi visivyohusiana. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, ambazo ni imara ajabu (Yamaha ilianza kuuza baiskeli yake ya umeme ya PAS mwaka 1993, kabla wengine hawajaamka), nyingi hutumia betri ya volti 25 hivi yenye kiti chake cha pekee. Ukipata moja kwa bei nzuri ichukue ukijua kwamba unanunua baiskeli ya kukanyaga yenye mota ya bahati nasibu.

Jambo la tatu ni umbo la kasha. Betri inayofichwa ndani ya bomba la fremu inapendeza machoni, lakini ukiikosa huna pa kuweka nyingine. Betri inayokaa juu ya bomba kwa kufungwa na skrubu mbili au tatu, kama makasha ya aina ya Hailong yanayoigwa na viwanda vingi, au ile inayokaa kwenye keria ya nyuma, inaweza kubadilishwa na ya umbo tofauti kabisa alimradi volti zinalingana. Kwa mtu wa huku Kusini, ningesema wazi kwamba baiskeli yenye betri ya kuficha ndani isinunuliwe, hata ipunguzwe bei.

Omba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na dhamana ya maandishi inayotaja betri kwa jina lake, kwa maana dhamana nyingi hutaja "baiskeli" kisha betri ikitajwa huambiwa ni kitu cha kuchakaa. Malalamiko ya mlaji yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, lakini bila karatasi utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia na huna shahidi.

Yaliyowakuta wengine

Kufungwa kwa mtengenezaji si jambo la kufikirika. Kampuni ya BionX ya Kanada, ambayo mota na betri zake zilizungumza kwa lugha yao wenyewe, ilianguka mwaka 2018, na wenye baiskeli zake wakabaki kutafuta mafundi wa kufungua betri zile na kuzijaza seli upya. VanMoof ya Uholanzi ilitangazwa kufilisika Julai 2023, na ingawa ilipata mnunuzi baadaye, wenye baiskeli walijua kwa wiki kadhaa maana ya kutegemea vipuri vya mahali pamoja.

Umoja wa Ulaya umetunga kanuni ya betri, namba 2023/1542, inayotaka betri za vyombo vyepesi kama baiskeli ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi yeyote wa kujitegemea, na ziuzwe kama vipuri kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya baiskeli ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Kanuni hiyo inakataza pia programu itumike kuzuia betri isibadilishwe. Sehemu hii inaanza kutumika tarehe 18 Februari 2027. Haimlindi moja kwa moja mnunuzi wa Mtwara, lakini baiskeli itakayotengenezwa kwa ajili ya soko hilo baada ya tarehe hiyo itakuwa rahisi zaidi kufufuliwa hata ikifika kwetu ikiwa mtumba, na kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa ni jambo la kuulizwa.

Karatasi ya betri

Fanya kazi hii siku ya kwanza, betri ikiwa mpya, kwa sababu upepo wa chumvi wa pwani yetu hufuta maandishi ya lebo kabla ya mwaka wa pili kwisha. Piga picha lebo ya betri, lebo ya chaja na lebo ya kontrola. Andika volti, ampea-saa, na mkondo wa juu ambao kontrola huvuta, kwa kawaida kati ya ampea 15 na 25. Andika vipimo vya kasha kwa milimita, umbo la plagi ya kuchajia, na upande gani ni chanya. Pima kwa testa volti za betri iliyojaa na uandike. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani nishati ambayo betri hubeba: betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720, na namba hiyo ndiyo utakayotumia kulinganisha betri zote nyingine maishani mwa baiskeli.

Kisha nunua vile vitu vidogo visivyooza. Kiti cha betri kinachobaki kwenye fremu, ufunguo wa akiba, soketi mbili za ziada na chaja ya pili ni mambo ya bei ndogo leo, na ni mambo yasiyopatikana kabisa aina ya baiskeli ikishaachwa. Kasha tupu likipatikana, lichukue. Plastiki inasubiri miaka bila ya kudai chochote. Fundi wangu alinishauri pia kuweka soketi ya kawaida ya XT60 kati ya betri na kontrola, ili betri ya aina yoyote yenye volti sahihi iweze kuunganishwa siku ya shida, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipande cha bei ndogo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote. Tahadhari yake ni moja: chanya na hasi zikigeuzwa mara moja tu, kontrola imekwenda.

Kuichelewesha siku ya mwisho

Kila mwezi unaoongeza katika maisha ya betri ni mwezi ambao huhitaji kuitafuta nyingine, kwa hiyo utunzaji ni sehemu ya upatikanaji. Adui wakubwa wa lithiamu ni joto na kukaa imejaa. Kwa makadirio yanayonukuliwa sana, betri iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hupoteza kama asilimia 4 tu ya uwezo wake, ilhali iliyowekwa imejaa kwenye nyuzi 40 hupoteza kama asilimia 35. Chumba chenye paa la bati bila dari, hapa Mtwara au Lindi mwezi wa Novemba, hufika joto hilo bila shida. Weka betri kwenye sakafu ya saruji ya chumba chenye kivuli, si juu ya kabati, na usiiache ndani ya baiskeli iliyoegeshwa juani sokoni.

Kwa matumizi ya kila siku, ikiwa safari zako ni fupi, ondoa chaja kabla haijajaa kabisa. Kwa betri ya volti 48, kusimamia kwenye volti 53 hivi kunaongeza maisha yake kwa kiasi kinachoonekana. Hata hivyo, mara moja kwa mwezi iache ijae hadi chaja izime yenyewe, kwa kuwa bodi nyingi za ulinzi husawazisha makundi ya seli pale tu betri inapojaa. Ukisafiri au ukiiacha msimu mzima wa mvua, iache kwenye nusu: volti 37 hadi 38 kwa betri ya 36, na volti 48 hadi 49 kwa betri ya 48, kisha iangalie kila baada ya miezi miwili.

Chumvi nayo ina mambo yake. Kutu ya kijani kwenye migusano huongeza ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto huyeyusha soketi. Wengi huja kwa fundi wakidhani betri imekufa kumbe ni soketi iliyoliwa. Anayeendesha kando ya bahari, iwe Shangani ya Mtwara au Lindi mjini, afute migusano kwa kitambaa kikavu kila wiki mbili na apake grisi nyembamba ya umeme.

Usiizike kabla ya kuipima

Nimeona betri tatu zikitangazwa kuwa zimekufa ambazo zilikuwa hai. Moja ilikuwa na fyuzi iliyokatika, moja chaja yake ilikuwa inatoa volti 36 badala ya 42, na ya tatu ilikuwa na kundi moja tu la seli lililolegea. Kwa hiyo anza na chaja: ipime bila kuiunganisha na betri, na kama haifiki volti zilizoandikwa juu yake, tatizo umelipata. Halafu pima betri yenyewe, halafu fyuzi, halafu soketi. Kama fundi anaweza kufungua kasha, apime kila kundi la seli kwenye nyaya nyembamba za bodi ya ulinzi. Katika betri nzima makundi hutofautiana kwa sehemu ndogo ya volti. Tofauti ikizidi volti 0.1, kundi lililo chini linachungulia kaburi, na kundi lililoshuka chini ya volti 2 lisichajiwe tena kwa hila yoyote, kwa sababu ndani yake vyuma hujipanga vibaya na huweza kusababisha moto siku yoyote baadaye.

Kipimo cha pili ni njia unayoijua. Mimi hutumia Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, kilomita 20 na ushei, mzigo uleule na msaada wa mota uleule, na huandika volti zilizobaki. Nikiona zinashuka mwaka hadi mwaka najua ninakokwenda. Betri ikibaki na asilimia 70 ya umbali wake wa mwanzo, huo ndio wakati wa kuagiza nyingine, wala si siku inapozimika.

Kwa nini kuagiza kunahitaji miezi

Wengi hudhani kipuri hiki kitakuja na ndege kama simu. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe, bila ya kuwa ndani ya chombo, haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo tu zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Abiria naye haruhusiwi kubeba betri inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli kwa kawaida ina mara mbili hadi sita ya hizo, kwa hiyo ndugu anayerudi kutoka Guangzhou hawezi kuitia begini. Kwa mtu wa kawaida njia iliyobaki ni meli, na betri inatakiwa iwe na cheti cha majaribio ya usalama ya UN 38.3, muuzaji asiye na cheti hicho anakuuzia mzigo utakaokwama njiani.

Mzigo ukifika Dar es Salaam bado una kilomita zaidi ya 550 za barabara ya kusini. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Kilwa na mikoa yetu ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo agizo lisipangwe lifike Aprili, bali lipangwe lifike kabla ya mvua. Fedha pia zina msimu wake: minada ya korosho huanza Oktoba, na anayeagiza wakati huo hulipa bila kukopa. Kama betri itagharimu, kwa mfano, shilingi 900,000 na inatarajiwa kudumu miezi 36, kila mwezi unalazimika kuweka kando shilingi 25,000 tangu siku ya kwanza. Baiskeli inayokushinda kuiwekea kiasi hicho ni baiskeli uliyoinunua nusu.

Wakulima wetu wamezoea kuuza kwa pamoja kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, na sioni kwa nini wenye baiskeli wasinunue kwa pamoja. Watu watano au sita wenye baiskeli za volti 48, wakikubaliana soketi ya aina moja, wanaweza kuagiza kreti moja, kugawana gharama ya cheti na usafiri, na kuazimana betri mmoja wao anapokwama. Sharti ni makubaliano ya soketi na volti yafanyike kabla ya kununua baiskeli, si baada yake.

Kuijenga upya hapa hapa

Kasha likiwa zima na bodi ya ulinzi haijajifunga, kubadilisha seli ni kazi inayowezekana kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea vipande vya nikeli. Fundi anayetaka kulehemu seli kwa kifaa cha risasi ya kulehemia aachwe, kwa sababu joto lile huharibu seli ndani hata kama kwa nje inaonekana safi. Kazi iwe ya seli zote mpya, za aina moja na za mzigo mmoja. Kuchanganya seli za zamani na mpya ni kuzifanya mpya zibebe mzigo wa wazee mpaka nazo zichoke.

Hatari kubwa hapa ni seli bandia. Seli halisi ya 18650 ina uwezo wa miliampea-saa 3,500 hivi kwa zile zilizo bora, na uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukiona imeandikwa 9,900, huhitaji kipimo kingine. Huo ni uongo ulioandikwa kwa rangi nzuri. Seli ya 21700 ina karibu 5,000 na uzito wa gramu 70 hivi. Mizani ndogo ya jikoni inaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wa muuzaji. Omba pia seli zipimwe volti kabla ya kuunganishwa, zote ziwe karibu sawa, na uulize zilitengenezwa lini, kwa maana seli iliyokaa dukani miaka mitatu imekwisha kuzeeka kabla hujaigusa.

Ipo njia nyingine ambayo naiona inafaa sana kwetu, nayo ni seli za lithiamu-chuma fosfeti (LiFePO4), zile zinazotumika kwenye mifumo ya sola. Kila seli ina volti 3.2, kwa hiyo 16 hufanya volti 51.2, na zikijaa husoma 58.4. Ni nzito na kubwa kwa uwezo uleule, hivyo hazitoshi kwenye kasha la bomba, lakini kwenye sanduku la keria zinakaa vizuri, zinavumilia joto zaidi, na hufikisha mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchajiwa na kutumika, wakati seli za kawaida za baiskeli huanza kuchoka kati ya 500 na 1,000. La muhimu kuliko yote ni kwamba soko lake halitegemei baiskeli hata kidogo. Maadamu watu wanafunga sola, seli hizi zitakuwepo. Hakikisha kontrola inavumilia volti 58.4, na chaja ibadilishwe bila mjadala, kwa kuwa chaja ya betri moja kuichajia betri ya aina nyingine ndiyo njia ya haraka ya kuchoma nyumba.

Wenye baiskeli za bei nafuu zinazotumia betri za risasi wana raha yao. Betri za volti 12 zenye alama ya 6-DZM-12 au 6-DZM-20 hutengenezwa na viwanda vingi mno, nne zikiungwa ni volti 48, na ingawa ya pili ina uzito wa karibu kilo 7 kila moja, kukosekana kwake ni vigumu. Utunzaji wake ni kinyume cha ule wa lithiamu: hizi zihifadhiwe zikiwa zimejaa, na zikiachwa tupu mwezi mmoja hazifufuki.

Betri mpya ikishafungwa, wiki ya kwanza ichajie mchana ukiwapo, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango wa kutokea na mbali na godoro, na shika kasha kwa mkono kila nusu saa. Uvuguvugu si tatizo, lakini ikikuunguza, chomoa na uirudishe kwa fundi. Ile ya zamani usiitupe dampo wala kuichoma na takataka za korosho. Funga vyuma vyake kwa utepe wa umeme, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya nyumba, na uikabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Kabla ya kuitoa, chomoa kasha na kiti chake uvirudishe kabatini, kwa sababu miaka minne ijayo utavihitaji tena.